Moyo Unaposimamishwa, Nani Hushika Mashine? Njia ya Kuingia Katika Kazi ya Pafyusheni

Daktari bingwa anapobadilisha valvu iliyoharibika, au anapoziba tundu ambalo mtoto amezaliwa nalo, mara nyingi moyo ulio mikononi mwake haupigi. Umesimamishwa kwa dawa, kwa makusudi, na mapafu nayo yamepumzishwa. Muda wote huo, ambao unaweza kuwa saa moja na unaweza kuwa saa nne, damu ya mgonjwa hutoka mwilini kwa mirija ya plastiki na kuingia kwenye mashine iliyo hatua chache tu kutoka kitandani. Humo huondolewa kaboni dioksidi, hutiwa oksijeni, hupozwa au kupashwa joto, kisha husukumwa kurudi kwenye mshipa mkuu. Anayeiendesha mashine hiyo si daktari wa upasuaji wala daktari wa usingizi. Ni mtaalamu wa pafyusheni.

Wataalamu hawa ni wachache mno. Marekani yenyewe, yenye watu zaidi ya milioni 330, ina elfu chache tu wenye cheti cha kazi hii. Kwetu Afrika Mashariki ni wa kuhesabika, na hospitali inayompoteza mmoja, awe ameugua, amestaafu au amepata kazi Ghuba, huweza kulazimika kusogeza mbele majina ya wagonjwa waliokwisha kungoja kwa muda mrefu. Kwa hiyo kijana, muuguzi au fundi sanifu wa vifaa tiba anayeuliza njia ya kuingia katika kazi hii anauliza jambo lenye faida kwa watu wengi.

Jibu langu kwake ni moja: tafuta hospitali kwanza, chuo baadaye. Mfamasia anaweza kufungua duka la dawa, mtu wa maabara anaweza kuajiriwa kwenye zahanati, lakini mtaalamu wa pafyusheni hana pa kufanyia kazi isipokuwa penye chumba cha upasuaji wa moyo. Anayelipa ada nje ya nchi kabla ya kujua ni chumba kipi kitampokea anaweza kurudi na cheti kizuri kisichomsaidia yeye wala mgonjwa. Nitarudi kwenye hilo, ila kwanza tuitazame kazi yenyewe kwa karibu, maana wengi huipenda kwa jina kabla ya kujua inavyofanyika.

Kazi ya hesabu na macho

Mashine ya moyo na mapafu ilimchukua daktari Mmarekani John Gibbon zaidi ya miaka 20. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, akiwa daktari kijana mjini Boston, aliwekwa kumwangalia usiku kucha mwanamke aliyekuwa akifa kwa damu iliyoganda na kuziba mshipa wa mapafu, na hapo likamjia wazo la kuizungusha damu nje ya mwili. Mkewe Mary, aliyekuwa fundi wa maabara, aliijenga na kuijaribu mashine hiyo pamoja naye, na wengi katika fani humhesabu kuwa mmoja wa watu wa kwanza kufanya kazi hii. Tarehe 6 Mei 1953, mjini Philadelphia, Gibbon aliziba tundu la moyo la msichana wa miaka 18 ambaye kwa dakika 26 alitegemea mashine peke yake. Msichana akapona.

Mashine ya leo ni ndogo na salama kuliko ile, ila sehemu zake kuu zinafanana. Kuna tangi la kupokea damu inayoshuka kutoka kwa mgonjwa. Kuna pampu inayoisukuma. Kuna oksijeneta, yaani pafu la bandia, lenye maelfu ya vijirija vyembamba. Gesi hupita ndani ya vijirija hivyo na damu nje yake. Kuna kifaa cha kupoza na kupasha joto, na kuna chujio la kunasa viputo vya hewa na chembe zilizoganda kabla damu haijarudi mwilini. Mtaalamu huunganisha vyote hivyo kabla mgonjwa hajaingia, huijaza mirija maji ya dawa, kisha huigongagonga mpaka kiputo cha mwisho kitoke.

Hesabu huanza siku moja kabla. Tuchukue mfano wa mama wa kilo 60 na urefu wa sentimita 160, anayebadilishiwa valvu iliyoharibiwa na homa ya baridi yabisi, ile inayofuata maambukizi ya koo yasiyotibiwa utotoni. Mtaalamu anahitaji kujua eneo la mwili wake. Huzidisha 160 kwa 60, hugawanya kwa 3,600, kisha hutafuta kipeuo cha pili, na kupata mita za mraba 1.63 hivi. Kiwango kinachotumika sana kwa joto la kawaida la mwili ni lita 2.4 za damu kwa dakika kwa kila mita ya mraba. Kwa hiyo pampu inatakiwa iweze kumpa mama huyu karibu lita 3.9 kila dakika. Kwa takwimu hiyo ndipo huchaguliwa ukubwa wa oksijeneta na wa mirija itakayoingizwa kwenye mishipa yake.

Inafuata dawa ya kuzuia damu isigande, heparini. Damu ikigusa plastiki bila kinga hiyo huganda ndani ya mashine, na hapo hakuna cha kuokoa. Kipimo cha kawaida ni uniti 300 mpaka 400 kwa kila kilo, yaani uniti 18,000 mpaka 24,000 kwa mgonjwa wetu. Daktari wa usingizi ndiye huichoma, lakini mtaalamu wa pafyusheni haanzi kazi kwa kuambiwa tu kwamba imechomwa. Huchukua damu kidogo na kupima itachukua muda gani kuganda, na hospitali nyingi hutaka muda huo uvuke sekunde 480. Kama haujafika, huongezwa dawa, hupimwa tena, na daktari wa upasuaji husubiri, hata awe nani.

Kisha kuna maji yaliyo ndani ya mirija. Tuseme ni lita 1.2. Mama wa kilo 60 ana damu karibu lita 3.9, na kama chembe nyekundu ni asilimia 36 ya damu yake, zikichanganyika na maji hayo zitashuka mpaka kama asilimia 27 au 28. Mtu mzima hulimudu hilo vizuri. Sasa mweke mtoto wa kilo 10 kwenye mashine hiyohiyo. Damu yake yote ni kama mililita 800. Ukimchanganyia maji yaleyale, na kama naye ana asilimia 36, chembe nyekundu zinashuka mpaka asilimia 14, na hapo ubongo na figo zake zitakosa oksijeni hata kama pampu inafanya kazi barabara. Ndiyo maana watoto wana mirija mifupi na myembamba zaidi, oksijeneta ndogo, na mara nyingi damu ya kuchangiwa huwekwa ndani ya mashine kabla ya kuanza. Mtu asiyeweza kuona kosa hilo kwenye karatasi kabla halijamfikia mtoto hajawa tayari kwa kazi hii.

Wakati upasuaji ukiendelea kuna mambo mengi ya kufuatilia kwa pamoja. Dawa ya kuusimamisha moyo, yenye potasiamu nyingi, hupelekwa kupitia mashine hiyohiyo; aina nyingine hurudiwa kila baada ya dakika 20 hivi, nyingine hukaa zaidi ya saa. Mwili hupozwa kidogo katika upasuaji mwingi, kama nyuzi 32 mpaka 34, na katika upasuaji mgumu wa mshipa mkuu unaweza kushushwa mpaka nyuzi 18 au 20 ili mzunguko wa damu usimamishwe kabisa kwa muda mfupi. Kuupasha joto tena ndiko kunakohitaji subira, kwa sababu damu inayorudi mwilini ikizidi nyuzi 37, ubongo huumia. Shinikizo la damu, gesi za damu, potasiamu, sukari, mkojo, kiasi cha damu kilichobaki kwenye tangi, vyote huangaliwa na kuandikwa kwa saa na dakika.

Hatari inayoogopwa kuliko zote ni hewa. Tangi likikauka na pampu ikaendelea kuzunguka, hewa huenda moja kwa moja kwenye ubongo. Mashine ina king'ora cha tangi na kihisio cha viputo, lakini shule zote nzuri za fani hii hufundisha kwamba macho ndiyo king'ora cha kwanza. Umeme nao tunaujua. Mashine ina betri, na hospitali ina jenereta, na bado kila mwanafunzi hufundishwa kuizungusha pampu kwa mkono, akiwa na mtu wa pili wa kumpokea mikono ikichoka. Hurudia zoezi hilo na maji kwenye mirija mpaka mikono yake izoee, maana mwili ukiwa na joto la kawaida ubongo huweza kuanza kuharibika dakika chache tu baada ya damu kukatika.

Ukipata nafasi ya kusimama kwenye kona ya thieta, sikiliza wanavyosemezana. Daktari wa upasuaji akitaka mashine ianze, husema, na mtaalamu hurudia alichoambiwa kabla ya kugusa kitu: ametakiwa kuanza, anaanza, mtiririko ni lita kadhaa, mrija unashusha damu vizuri. Hakuna kuitikia kwa kichwa. Mkubwa na mdogo hurudishiana maneno kwa sauti, na mdogo ana wajibu wa kusema hapana pale kipimo kinapokataa. Kwa sisi tuliolelewa kutomjibu mkubwa, huu ni ujuzi wa kujifunza kama ulivyo ujuzi wa kuunganisha mirija, na naamini ndio unaowashinda wengi wenye alama nzuri darasani.

Msingi unaohitajika

Mwanafunzi wa sekondari asiache fizikia. Nalisema hili kwa sababu wengi wanaotaka kazi za afya hung'ang'ania baiolojia na kemia na kuona fizikia ni mzigo. Pafyusheni ni mgandamizo, mtiririko, joto na gesi. Kwa Tanzania, mchepuo wa fizikia, kemia na baiolojia kidato cha tano na sita ndio ulio wazi zaidi. Kwa Kenya, masomo hayohayo pamoja na hisabati nzuri. Kiingereza nacho kiwe imara, kwani vitabu na mitihani ya fani hii viko katika lugha hiyo kwa nchi nyingi utakazofikiria.

Baada ya sekondari, wengi katika ukanda wetu hawaingii kwenye pafyusheni moja kwa moja. Hupitia taaluma nyingine ya afya kwanza: uuguzi, utabibu, utoaji wa dawa za usingizi, maabara, au ufundi wa vifaa tiba. Kila mlango una faida yake. Muuguzi wa thieta au wa chumba cha uangalizi maalumu huja na uzoefu wa mgonjwa mahututi na nidhamu ya usafi. Mtu wa usingizi anajua dawa na gesi za damu. Fundi wa vifaa tiba anaielewa mashine, ila itambidi asome fiziolojia kwa bidii. Ningekuwa na mdogo wangu wa kumshauri leo, ningemwelekeza kwenye uuguzi au usingizi, kwa sababu pafyusheni ikichelewa kufika bado atakuwa na kazi kamili inayojitegemea, na hospitali za moyo zinawahitaji watu hao pia.

Hospitali kwanza

Tanzania ilianza upasuaji wa moyo wa kufungua kifua mwaka 2008, Muhimbili. Mwaka 2015 huduma hiyo ikawa chini ya Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, katika eneo hilohilo la Dar es Salaam, na kabla ya hapo wagonjwa wengi walikuwa wakipelekwa India kwa gharama kubwa. Kenya ina Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Mater na Aga Khan jijini Nairobi, na Tenwek huko Bomet. Uganda ina Taasisi ya Moyo iliyoko Mulago, Kampala. Rwanda hupasulia moyo katika Hospitali ya King Faisal, Kigali. Orodha hii haijakamilika, lakini inakuonyesha uwanja ulivyo: hospitali chache, timu ndogo, watu wanaojuana.

Udogo huo ndio unaoamua mbinu yako. Timu ndogo humsomesha mtu inayemjua. Taasisi ikipata nafasi ya mafunzo nje ya nchi, haitangazi mtaani; humtazama muuguzi ambaye tayari yuko kwenye thieta ya moyo, anayewahi asubuhi, anayeuliza maswali, asiyetetereka damu inapomwagika. Kwa hiyo ajira yako ya kwanza iwe karibu na mashine iwezekanavyo, hata kama cheo ni kidogo. Mwaka mmoja ukiwa muuguzi wa thieta ya moyo unaweza kukusogeza kuliko miaka miwili ya kutuma maombi vyuoni.

Kitu kingine kinachosaidia ni kambi maalumu za upasuaji. Timu kutoka nje, kama Open Heart International ya Australia na Muntada Aid ya Uingereza, zimefanya kambi pamoja na madaktari wa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Katika siku chache hupasuliwa wagonjwa wengi mfululizo, na mtaalamu mgeni hukaa bega kwa bega na mwenyeji. Anayejifunza huona watoto wa uzito tofauti na matatizo tofauti ndani ya wiki moja. Shirika la Save a Child's Heart la Israel nalo limekuwa likiwafundisha madaktari na wataalamu kutoka Tanzania katika hospitali ya Wolfson, mjini Holon. Aliye ndani ya hospitali ndiye hufikiwa na milango hii.

Njia za nje ya nchi

Afrika Kusini ndiyo nchi ya karibu yenye mfumo uliokamilika. Huko pafyusheni ni tawi la taaluma iitwayo teknolojia ya kliniki. Mwanafunzi husoma shahada ya miaka minne katika vyuo kama Durban University of Technology, Tshwane University of Technology au Central University of Technology ya Bloemfontein, huchagua tawi, na sehemu kubwa ya muda hujifunza hospitalini. Akimaliza husajiliwa na baraza la taaluma za afya la nchi hiyo. Faida yake kwetu ni kwamba magonjwa yanafanana: valvu za vijana zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi, na watoto waliocheleweshwa kuletwa hospitali.

India ina shahada za teknolojia ya pafyusheni katika vyuo vingi, kwa kawaida miaka mitatu ya masomo na mwaka mmoja wa utarajali. Hospitali za huko hupasua wagonjwa wengi kwa siku, na ada mara nyingi huwa nafuu kuliko Ulaya. Lakini vyuo havilingani hata kidogo. Kuna kilichounganishwa na hospitali kubwa ya moyo, na kuna chenye jengo zuri na maabara ya plastiki ambacho huwatuma wanafunzi kutafuta pa kujifunzia wenyewe. Hapa ndipo madalali wa vyuo hupata riziki, na hapa ndipo ninapomwomba mzazi awe mkali.

Uingereza inaunga mkono hoja yangu kwa mfumo wake wenyewe: mwanafunzi huajiriwa na hospitali kwanza akiwa mtaalamu mwanagenzi, ndipo husoma shahada ya uzamili ya sayansi ya pafyusheni, ambayo Chuo Kikuu cha Bristol hufundisha, huku akifanya kazi chini ya uangalizi. Bila ajira, hakuna kozi. Marekani kwa kawaida huchukua wenye shahada ya kwanza. Programu lazima iwe na ithibati, mwanafunzi aendeshe mashine kwa wagonjwa wasiopungua 75 chini ya msimamizi, kisha afanye mitihani miwili ya bodi ya taaluma hiyo, mmoja wa sayansi ya msingi na mwingine wa matumizi hospitalini. Bodi ya Ulaya hutaka wagonjwa 100. Wenye ndugu Marekani, Uingereza au Oman hushawishika kuanzia huko moja kwa moja, na si vibaya, ila wajue kwamba viza ya masomo si ahadi ya nafasi ndani ya thieta.

Kabla hujalipa hata senti

Uliza chuo ni hospitali gani hasa wanafunzi wake huendeshea mashine, na hospitali hiyo hupasua moyo mara ngapi kwa wiki. Kisha iandikie hospitali yenyewe, si chuo, uthibitishe. Uliza mwanafunzi wa mwaka wa mwisho hutoka na wagonjwa wangapi walioandikwa kwenye daftari lake akiwa yeye ndiye aliyeshika pampu, si aliyetazama. Hapo jibu la kuzungukazunguka ni jibu tosha. Uliza watoto ni wangapi kati yao.

Uliza pia nchini kwako kuhusu utambuzi wa cheti, na uulize mapema. Tanzania, vyuo vikuu na shahada za nje hushughulikiwa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Ngazi ya stashahada na vyuo vya ufundi iko chini ya NACTVET. Kenya kuna mamlaka ya sifa za kitaifa, KNQA. Kwa kuwa fani ni changa kwetu, muulize pia mkuu wa idara ya hospitali unakotaka kurudi: cheti hiki utakipokea? Utanisajili chini ya taaluma gani? Ndiyo maana ule msingi wa uuguzi au usingizi una thamani. Usajili wako wa awali unabaki.

Kozi ya mtandaoni pekee haimfanyi mtu awe mtaalamu wa pafyusheni. Mihadhara ya intaneti inafaa kwa nadharia, na vifaa vya kuigizia upasuaji hufundisha mikono vizuri sana, lakini hakuna bodi inayoheshimika itakayokupa cheti bila wagonjwa halisi. Ukiahidiwa cheti cha miezi sita bila kuingia thieta, ondoka.

Kama mwajiri anakusomesha, soma mkataba wa utumishi kabla ya kutia sahihi: utarudi kufanya kazi miaka mingapi, mshahara utaendelea ukiwa masomoni au la, na utadaiwa nini ukishindwa mtihani. Mkataba wa haki ni jambo zuri kwa pande zote mbili. Hospitali imewekeza, na wewe una uhakika wa mashine ya kurudia.

Mafunzo yenyewe yanavyokwenda

Miezi ya mwanzo hutashika pampu. Utafungua vifurushi vya mirija kwa usafi, utaunganisha, utajaza maji, utatoa hewa, utakagua kila kiungo kwa orodha, na msimamizi atakufanya ubomoe na kuanza upya. Huku unasoma anatomia ya moyo, fiziolojia ya damu, dawa, na hesabu za aina tuliyoiona. Baadaye utaachiwa kuandika kumbukumbu, kisha kupima kuganda kwa damu, kisha kupeleka dawa ya moyo, na siku moja msimamizi atasogeza kiti na kukuambia ukae. Atakuwa nyuma yako, mkono karibu na kibano cha kufunga mirija. Kwa muda mrefu atabaki hapo.

Sehemu ngumu zaidi ni kumtoa mgonjwa kwenye mashine. Moyo umeanza kupiga, mwili umerudi kwenye joto, daktari wa usingizi amerudisha mapafu kazini, na sasa unapunguza mtiririko kidogo kidogo huku ukiuachia moyo damu ya kujaza. Ukiharakisha, moyo dhaifu hutanuka na kushindwa. Ukiiacha damu nyingi kwenye tangi, shinikizo huporomoka. Ukishamaliza, mgonjwa hupewa protamini ya kuondoa nguvu ya heparini, na hapo damu haifyonzwi tena kurudi kwenye mashine, la sivyo huganda humo. Mirija haibomolewi mpaka daktari aseme kifua kimetulia, kwa sababu mgonjwa anaweza kuhitaji kurudishwa.

Mwili wa mtaalamu nao uandaliwe. Kazi ni ya damu, hivyo chanjo ya homa ya ini aina ya B si ya hiari kwa mtu mwenye akili timamu. Kuna zamu za dharura, simu za usiku, na siku ambazo upasuaji uliopangwa saa nne unafika saa tisa bila nafasi ya kula. Kuna siku mgonjwa hufariki mashine ikiwa imefanya kila ilichotakiwa. Timu nzuri hukaa chini siku hiyo na kupitia kumbukumbu dakika kwa dakika bila kutafuta wa kumbebesha lawama, na mwanafunzi anayefikiria kujiunga na hospitali fulani ana haki ya kuuliza kama huko wana desturi hiyo.

Cheti hakimalizi masomo. Marekani mtaalamu lazima aonyeshe kazi 40 kwa mwaka ili cheti chake kibaki hai, na kiwango cha namna hiyo kinafaa kutumika kwetu kama kipimo binafsi hata pale ambapo sheria haijakiweka. Upande mwingine kazi inapanuka: mashine za kuosha na kurudisha damu ya mgonjwa mwenyewe wakati wa upasuaji, na ekmo, mashine ndogo inayoweza kumbeba mgonjwa kwa siku au wiki kadhaa akiwa chumba cha uangalizi maalumu. Anayeanza leo ajifunze hizo pia, kwa sababu hospitali yenye wataalamu wawili itawataka wafanye zote.

Pa kuanzia wiki hii

Andika barua ya ukurasa mmoja kwa mkurugenzi wa uuguzi au mkuu wa idara ya upasuaji wa moyo katika hospitali mojawapo iliyo karibu nawe. Jitambulishe, taja elimu yako, na uombe jambo moja tu: ruhusa ya kutazama upasuaji mmoja wa kufungua kifua, tangu mashine inapoandaliwa mpaka mgonjwa anapopelekwa chumba cha uangalizi maalumu. Ambatisha nakala za vyeti na kitambulisho, na kama ni mwanafunzi, barua ya shule au chuo. Usiombe kazi wala ufadhili katika barua hiyo.

Ukikubaliwa, kula asubuhi, vaa viatu vya kufunika vidole, vua pete na saa, zima simu. Utapewa nguo za thieta na kuonyeshwa pa kusimama. Usivuke hapo, na usiguse kitambaa chochote cha kijani au cha buluu kilichotandikwa. Simama mahali unapoona mashine, si kifua cha mgonjwa. Mwangalie mtaalamu: anaangalia wapi, mara ngapi anarudi kwenye tangi, anasema nini kabla ya kugusa kibano. Maswali yako yaandike, uyaweke mfukoni mpaka mgonjwa atoke. Ndipo umwombe dakika kumi, umuulize alivyofika pale, nani alimsomesha, na kama angekuwa wewe leo angeanzia mlango upi.